Kuku wa Macho

"Zuhra, mwambie mumeo kesho msituni nakwenda mimi."

"Amesikia, mama. Yupo hapo nyuma ya ukuta."

"Mimi sijui yuko wapi. Wewe mwambie."

Zuhra aligeuza shingo tu, maana tumbo la miezi saba halikumruhusu kugeuka zaidi, akasema na ukuta wa udongo uliokuwa katikati ya mama yake na mume wake. "Mama anasema kesho anakwenda yeye kupika."

"Mwambie nimesikia," akajibu Khalidi kutoka upande wa pili, alikokuwa anasugua tope kwenye mabuti yake.

"Anasema amesikia."

"Haya," akasema Bi Somoe, ameridhika kama mtu aliyepata majibu kutoka Dodoma.

Ndivyo nyumba ile ya Chilangala ilivyoendesha mambo yake. Kwa watu wa huku, mkwe wa kiume hakutani macho na mama mkwe wake. Wakikabiliana njiani kijana anaiacha njia, anaingia majanini, anageuza mgongo mpaka mama apite. Hasemi naye, hali mbele yake, wala hamzungumzi kwa watu baki. Haya hiyo inaisha siku kijana anapomkabidhi mama kuku jike, na mama akampokea. Huyo ndiye kuku wa macho. Wengi siku hizi wamelegeza, wengine wanamalizana siku ya harusi kwa soda. Bi Somoe hakuwa mtu wa soda.

Kuku mwenyewe alikuwepo. Khalidi alimnunua wiki ile ile ya ndoa, jike jekundu lenye miguu ya njano. Akapelekwa, akarudishwa. Akapelekwa tena Idi, akarudishwa. Sasa alikuwa ameshapata vifaranga na vifaranga vya vifaranga, anatembea uani kwa madaha, na Zuhra alimpa jina la Mgeni Rasmi, kwa sababu shughuli yote ilikuwa inamngoja yeye.

"Mama, mpokee basi kuku wa watu," Zuhra alikuwa akimwambia.

"Nikimpokea nitamfungulia mumeo macho. Nikimfungulia macho nitamzoea. Nikishamzoea ataondoka." Bi Somoe alikuwa akipembua mchele huku anasema. "Nimeshazoea mmoja."

Huyo mmoja alikuwa baba yake Zuhra. Alikwenda Tunduru kwenye mawe ya vito wakati Zuhra anatambaa, akaaga kuwa atarudi kabla ya korosho. Korosho zimeiva na kuiva.

Na nyuma ya mlango wa Khalidi lilikaa begi jeusi lenye zipu mbili, limejaa, limefungwa. Rafiki yake Mahmudu alikuwa Tunduru, na kila Ijumaa alipiga simu kuuliza, "Vipi, unakuja?" Khalidi hakutaka kwenda. Alitaka kazi yake ya kuongoza wageni katika msitu wa Nahimbi, ule unaoshuka kutoka ukingo wa tambarare mpaka kwenye chemchemi. Lakini alikuwa bado wa majaribio. Dada Upendo, mwenye kuleta wageni, alikuwa ameshamwambia: safari ya kwanza mvua imetufukuza, ya pili tumeona tumbili basi. Wageni wanakuja kumwona sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Safari hii ya tatu ikienda kombo namleta mwongozaji kutoka Mtwara.

Mpishi wa safari alikuwa Zuhra. Na juzi nesi wa zahanati alimkataza Zuhra kushuka mteremko ule na tumbo lake.

"Nitafanyaje na mama yako njiani?" Khalidi alimnong'oneza mkewe. "Njia yenyewe ya mtu mmoja!"

"Wewe uwe wa kwanza, yeye awe wa mwisho."

"Na kwenye kona?"

Zuhra akafikiri. "Kwenye kona uwe na akili."

*

Wageni walikuwa wanne. Mkubwa wao alikuwa Mama Greta, mwalimu mstaafu kutoka Denmark, ambaye ujanani aliwahi kufundisha Masasi. Kiswahili chake kilikuwa na kutu, lakini bado kinakata. Magoti yake ndiyo yalikuwa yameisha makali. Mwingine ni kijana mrefu wa ndevu, na wawili ni mtu na mkewe, wamevaa kofia za kufanana. Dada Upendo alikuwa mtu wa Moshi, suruali yake ina mifuko mingi kuliko duka, na kila mfuko una kazi.

"Sheria ni moja," aliwaambia pale juu kwenye ukingo, ukungu ukiwa bado umelala chini kwenye miti. "Khalidi ndiye macho yetu. Akisimama, simameni. Akiinama, inameni."

Khalidi akaivuta kofia yake chini kidogo.

Wakashuka. Khalidi mbele, wageni nyuma yake wamebeba miche ya mivule ya kwenda kupanda chemchemini, Upendo akafuata, na mwisho kabisa Bi Somoe, sufuria kichwani, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, anaimba kwa pua. Ilikuwa mwisho wa mvua, majani yanadondosha maji shingoni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kona ya kwanza.

Njia ya Nahimbi inajikunja kama utumbo. Wa mbele akishapinda, anajikuta uso kwa uso na wa nyuma aliye juu yake. Khalidi akapinda, akainua macho, akaliona sufuria, na chini ya sufuria akaona kanga. Hakungoja aone zaidi. Aliruka kichakani kama aliyechomwa na siafu, akaanguka kifudifudi, akajifunika uso kwa kofia.

Wageni nao wakaruka. Kijana wa ndevu alitua kwenye upupu. Mtu na mkewe walilala wakabana pumzi, kamera mbele. Upendo akachutama akanong'ona, "Umeona nini?"

"Nimeona... kitu."

"Kitu gani?"

Khalidi akasikiliza. Wimbo wa puani ulikuwa umeshapinda kona. "Kimepita."

Kona ya pili, vile vile. Ya tatu akaruka vibaya, akagonga tawi, akatoka na nundu juu ya jicho. Mtu na mkewe walikuwa wamelowa mpaka chupi, hawajaona hata panya.

"Khalidi," Upendo alisema, sauti ya chini ya mtu anayejizuia, "hicho kitu kinachopita kila kona, ni cha rangi gani?"

Kilikuwa cha rangi ya zambarau, chenye maua meupe, na kimeandikwa maneno pindoni. Khalidi akatangulia kushuka.

Huko nyuma, Bi Somoe naye alikuwa na shida yake. Alimwona Mama Greta akishika magoti, na mwenye kuamuru mapumziko alikuwa Khalidi. Zuhra hayupo wa kutumwa. Akasimama mbele ya mvule mkubwa, akautazama juu mpaka chini.

"Mvule," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mbele, "mwambie huyo anayeongoza, bibi wa watu magoti yanalia. Wapumzike."

Kule mbele Khalidi akasimama. "Jamani tupumzike," akasema na majani.

Kijana wa ndevu akauliza yule mama amesemaje. Mama Greta akamweleza kwa lugha yao, macho yamemtoka: amezungumza na mti, na mti umemjibu. Kijana akaenda pole pole, akauwekea mvule kiganja, akafumba macho. Baada ya hapo msafara mzima ukawa unasalimia miti.

"Shikamoo, mti," akasema yule mke wa kofia, jinsi alivyofundishwa na Mama Greta.

Bi Somoe alikuwa anapita. "Huo mdogo, mwanangu. Huo mwambie 'mambo' inatosha."

Halafu akamsogelea Upendo. "Dada, hebu nieleze. Hawa wametoka kwao na ndege, kuja kumtazama sange?"

"Ndiyo, mama."

"Halafu?"

"Halafu wanapanda miti, wanarudi."

"Bila kumwonja?"

"Mama! Sange anahifadhiwa."

"Nimeuliza tu. Sisi zamani tulikuwa tunamhifadhi tumboni."

*

Kwenye kona ya mwisho, Khalidi aliporuka, hakuna aliyemfuata tena. Kijana wa ndevu alikuwa anajikuna. Mtu na mkewe walitazamana wakabaki wamesimama. Upendo akafunga macho akahesabu kimoyomoyo.

Mama Greta peke yake ndiye aliyefuata. Alikuwa mwalimu miaka yote, na sheria kwake ilikuwa sheria. Akajishusha goti moja, akajishusha la pili, akalala chini ubavuni kwa Khalidi, tumbo kwenye majani makavu. Khalidi alikuwa amebana uso ndani ya kofia, haoni kitu, anangoja wimbo upite.

Na hapo hapo, mbele ya pua ya Mama Greta, majani yakachakurwa. Ikatokea pua nyingine, ndefu, inayochezacheza kama kidole cha mtoto anayeonja uji. Nyuma ya pua kukawa na macho mawili meusi, mgongo wenye madoa, na miguu myembamba kama njiti. Sange akamtazama Mama Greta. Akamtazama na Khalidi, au tuseme kofia ya Khalidi. Akapigapiga mkia chini mara chache kama mtu aliyekereka kuwakuta wageni kwake, kisha akaondoka.

"Nimemwona," Mama Greta alisema alipoinuliwa, tope mpaka kidevuni. Kiswahili kilikuwa kimempotea chote, kikarudi neno moja moja. "Sange. Pua. Hapa!"

"Khalidi, umemwona?" Upendo akauliza haraka.

Khalidi angesema ndiyo. Angekuwa mwongo mzuri angesema ndiyo. "Mimi nilikuwa... sikutazama."

"Hukutazama."

"Hapana, dada."

Wenzake Mama Greta walimpangusa tope kwa upole, ule upole wa kumpangusa mtu mzima ambaye mmeshaacha kumwamini.

*

Chemchemini maji yanatoka chini ya jiwe, na wanawake wa huko juu wamekuwa wakiyafuata tangu enzi za bibi zao. Walipanda miche. Bi Somoe akawasha moto, akachemsha ming'oko, vile viazi mwitu vya huku, na kupasha wali alioupika alfajiri. Khalidi alikaa nyuma ya kichuguu, mgongo umeelekea watu, kwa kuwa hapo mama mkwe hangemwona.

"Mwongozaji wetu hali na sisi?" akauliza kijana wa ndevu.

"Inaonekana hapendi kampani," Upendo akajibu.

Akafungua kompyuta yake ndogo. Katika msitu ule kulikuwa na kamera zilizofungwa kwenye miti, zile zinazojipiga zenyewe chochote kinapopita, na Upendo alikuwa amekusanya kadi zake njiani akishuka. Wageni wakamzunguka.

Picha ya kwanza nungunungu. Ya pili ngedere na mwanawe. Ya tatu matako ya Khalidi.

Wakacheka. Picha ya nne Khalidi tena, wiki iliyopita, amekumbatia kisiki. Ya tano Khalidi siku nyingine, mguu mmoja hewani, anaruka. Kumbe kila Bi Somoe aliposhuka kuchota maji na Khalidi yuko humo anakagua kamera, kamera ilikuwa inashuhudia.

"Huyu ndiye mnyama wa huku," akasema mume wa kofia, na hata asiyejua lugha yake alielewa.

Nyuma ya kichuguu Khalidi aliwasikia wanavyocheka. Aliushika udongo akaufinya.

Halafu ikaja picha ya asubuhi ile ile. Khalidi kalala, kofia usoni. Mama Greta ubavuni kwake, mdomo wazi. Na katikati yao, wazi kabisa, pua imeinuliwa, sange.

Wageni walipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Mama Greta hakupiga kelele. Alikunja mikono akasema, "Kaeni. Mwalimu hajamaliza," na wenzake, wazima wazima, wakakaa kweli.

Upendo alifurahi, lakini alifunga kompyuta pole pole, akaenda kusimama karibu na kichuguu.

"Khalidi, nisikilize. Sange tumempata kwa bahati. Yule mama ndiye aliyemwona, wewe ulikuwa umejifunika. Kutwa nzima umewaacha wageni njiani ukakimbilia vichakani, chakula unakula peke yako, nikikuuliza hunijibu. Mimi siwezi kumkabidhi mtu kama huyo roho za watu. Ukiwa na sababu niambie sasa."

Khalidi alikuwa nayo sababu. Ilikuwa imekaa kwenye mafiga hatua chache kutoka hapo, imeshika mwiko. Ndiye huyo niliyekuwa namkimbia, angesema. Lakini kumtaja mama mkwe wake kwa mgeni, tena akiwa anasikia, lilikuwa jambo baya kuliko kumtazama.

"Sina, dada," akasema.

"Basi pole sana."

Moto ukalia. Bi Somoe alikuwa ameacha kukoroga. Aliugeukia mti uliokuwa karibu, akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama sufuria, nalo lina wali. Akaweka mwiko chini.

"Leo sina wa kumtuma," akasema. "Khalidi."

Khalidi alishtuka mpaka kofia ikaanguka. Tangu ndoa hajawahi kulisikia jina lake kwa sauti ile. Akazidi kugeuza mgongo.

"Begi lililo nyuma ya mlango ni la kwenda wapi?"

Akasema na nyasi, "Majani, mwambieni mama, ni la Tunduru. Kazi ikikatika."

"Na kazi inakatika kwa nini?"

"Majani..."

"Majani yasinijibu. Nijibu wewe."

Wageni walikuwa wametulia kama wako kanisani. Hakuna kati yao aliyekuwa anaelewa ila Mama Greta, na Mama Greta alikuwa amemshika Upendo mkono asisogee.

"Kwa sababu ya heshima, mama," akasema Khalidi.

"Heshima yangu mimi?"



Bi Somoe alikaa anautazama mgongo ule. Shati limechanika begani, limejaa miba, na kisogoni kuna jani limenasa. Alikuwa amemkataa kuku siku zote ili asimzoee mtu wa kuondoka, na kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anamfungia begi.

"Nipe kuku wangu," akasema.

"Kuku yuko nyumbani, mama."

"Hapo ulipo una nini?"

Khalidi akafungua kifurushi alichofungiwa na mkewe. "Yai. La Mgeni Rasmi. Limechemshwa."

"Basi ni kuku huyo. Kachelewa kidogo tu. Lete."

Akarudi kinyumenyume, mkono umenyooshwa nyuma na yai kiganjani, akajikwaa kwenye figa, nusura aangushe shughuli yote. Bi Somoe akalipokea kwa mikono miwili. Akalimenya pole pole, hakuacha hata ngozi. Akaligawa katikati kwa uzi wa kanga yake, nusu akala, nusu akaishika.

"Geuka."

Akageuka, macho chini. Yakapanda taratibu, kwenye vidole vya miguu, kwenye kanga ya zambarau, mpaka usoni. Ulikuwa ni uso wa Zuhra, umezeeka tu na kukasirika kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akampa ile nusu ya yai. "Tafuna, usinikodolee." Akamtazama naye, kwa zamu yake. "Hiyo nundu ya nini?"

"Niligonga tawi, mama. Nilikuwa nakukimbia."

Bi Somoe alicheka mpaka akakaa chini. Khalidi akacheka na yai mdomoni, akapaliwa, na kitu cha kwanza mama mkwe alichomfanyia kwa mkono wake kikawa kumpiga ngumi mgongoni.

Mama Greta akawaeleza wenzake, kisha akamweleza Upendo, ambaye Moshi hawakumfundisha hayo. "Kwetu pia mkwe wangu ananikimbia," akamalizia. "Lakini yeye anakimbilia mpira kwenye televisheni."

"Kwa nini hukuniambia?" Upendo akamuuliza Khalidi.

"Ningemsemaje mtu ambaye simsemi?"

Upendo akatafuta la kujibu katika mifuko yake yote, akakosa.

"Dada," Bi Somoe akasema, "mimi nauliza moja kwa moja, maana leo nimeshaanza. Anabaki au habaki?"

"Akiacha kukimbia, mama, anabaki."

"Hana sababu tena ya kukimbia."

*

Hapo Bi Somoe alikosea. Sababu ilipatikana wakati wa kupanda mteremko kurudi. Alikuwa na maneno ya tangu ndoa, na safari hii alitembea nyuma tu ya Khalidi.

"Mguu wa kulia. Wa kulia, hapo pana utelezi. Mbona unatembea kama bata? Na nywele hizo, kinyozi amekufa? Zuhra anasema unakoroma. Yule mtoto akija, jina natoa mimi. Ngoja bibi wa watu apumue. Mti ule msalimie, wageni wanakutazama."

"Shikamoo, mti," akasema Khalidi.

"Mama," Upendo akaita kutoka nyuma, anahema, "nadhani alivyokuwa anakimbia tulikwenda haraka zaidi."

Jua lilikuwa bado liko juu ya mikorosho walipofika nyumbani. Zuhra alikuwa mlangoni. Alimwona mume wake, akamwona mama yake, akawaona wako pamoja kwenye njia moja, akashika tumbo.

"Kuku," akasema Bi Somoe.

Mgeni Rasmi alikamatwa kwa shida, maana alikuwa ameshazoea kurudishwa, hakujua kwa nini leo anasumbuliwa. Khalidi akamshika mbawa, akamkabidhi kwa mikono miwili, amepiga goti. Bi Somoe akampokea, akampima uzito, akampapasa kifua.

"Huyu hachinjwi. Huyu mzee mwenzangu. Tena ana mayai. Anatafuta pa kulalia."

Akaingia chumbani kwa Khalidi bila kubisha hodi, kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile iezekwe. Wakasikia zipu, moja, na ya pili. Zikaanza kutoka mlangoni nguo za Khalidi, shati, suruali, shuka, tochi. Bi Somoe akatoka na begi jeusi limefunguka mdomo, akaliweka kwenye kona ya baraza, akatandika majani makavu ndani. Akapanga mayai. Juu ya mayai akamweka Mgeni Rasmi. Kuku akazunguka mara moja, akajitanua, akakaa.

Ijumaa Mahmudu alipiga simu kama kawaida.

"Vipi, umeshafunga begi?"

Khalidi akatazama kwenye kona ya baraza. Jicho moja jekundu lilimtazama kutoka kwenye zipu.

"Begi lina mwenyewe," akasema.